Nafundisha Kiyidishi kwa wanafunzi watano, chuo sasa kinataka filamu tu

Shikamoo Bi Somo,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa tisa Marekani. Nakuandikia wewe kwa sababu uliwahi kusema katika safu hii kwamba ulifundisha Kiswahili ughaibuni miaka mingi, kwa hiyo labda hutacheka. Wengine wote nikiwatajia kazi yangu hucheka kwanza, halafu ndiyo huuliza.

Nafundisha Kiyidishi chuo kikuu. Kwa msomaji asiyekijua: ni lugha ya nyumbani ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mifupa yake ni Kijerumani cha zamani, nyama yake Kiebrania, Kipolandi, Kirusi na vinginevyo, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Sikuja huku kwa ajili yake. Nilikuja kusomea fasihi linganishi, nikitaka kuandika juu ya tenzi zetu zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu. Msimamizi wangu akaniambia nitafute lugha nyingine iliyovaa herufi za kuazima, nilinganishe. Nikaenda New York kwa kozi ya kiangazi ya wiki sita. Nilidhani nitaonja tu. Sasa tenzi ziko kwenye sanduku chini ya kitanda, na mimi ndiye mwalimu pekee wa Kiyidishi katika chuo kizima, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja.

Mwezi wa tisa walijiandikisha 11 katika darasa la lugha la mwaka wa kwanza. Nilianza kwa heshima, kama nilivyoona inastahili. Wiki ya kwanza nzima niliwaeleza kwamba kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lugha hii ilikuwa na wasemaji wapatao milioni 11, nikawaonyesha picha za kambi za mauaji na ramani ya miji iliyofutwa. Kufika wiki ya tatu nimebaki na 5. Nadhani alfabeti ndiyo iliyowatisha.

Mkuu wa kitivo ameniita. Anasema darasa la lugha lisilofikisha 10 halina hoja. Badala yake anataka nifundishe kozi moja kubwa, fasihi na filamu za Kiyidishi, yote kwa Kiingereza, viti 40. Lugha yenyewe, kwa maneno yake, itaangaliwa baadaye. Jibu anataka kabla ya mwisho wa mwezi. Nikikubali naona nimeiuza lugha iliyonilea kitaaluma. Nikikataa sina kazi.

Pamoja na hao watano yupo mzee mmoja wa miaka 78 anayehudhuria bila kufanya mitihani, kwa kuwa chuo kinawaruhusu wastaafu. Wazazi wake walitoka Łódź, mji wa Poland, naye alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Ujerumani baada ya vita. Kiyidishi anakisema tangu utotoni lakini hajui kukisoma. Siku ya kwanza alisema amekuja kwa sababu ana kopo la biskuti lenye barua za marehemu mama yake na hawezi kuzisoma. Ni mtu mwema, ila ananivunja nguvu. Nikisema vos makhstu, yaani hujambo, yeye anadakia vus makhsti. Nikisema gut, yeye git. Nikisema kitabu kimeandika hivi, yeye anasema mama yangu hakusema hivyo. Wanafunzi wanageuza shingo huku na huku kama watazamao mpira wa meza.

Kisha mwanafunzi mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, kwa upole kabisa, imekuwaje Mwafrika, tena Mwislamu, ndiye anayewafundisha lugha hii. Nilimpa jibu refu la kitaaluma. Nilipofika nyumbani nikalia.

Na huko kwetu: mama anauliza nimevuka bahari kufundisha lugha ya watu ambao hata wenyewe wameiacha? Mjomba naye ameandika kwenye kundi la WhatsApp la familia kwamba nafundisha lugha ya serikali inayopiga Gaza. Sikujibu. Nimezima sauti ya kundi.

Nifanye nini, Bi Somo?

Mwalimu wa Watano, Marekani


Marahaba, mwanangu.

Sijacheka. Ofisi yangu ya mwisho ughaibuni ilipakana na ya mwalimu wa Kiyidishi, miaka kumi na miwili ukuta mmoja. Tuligombania mashine ya fotokopi, na kila mwanzo wa muhula tulisimama mlangoni tukihesabu majina, mimi yangu na yeye yake, kama wavuvi waliorudi na ndoo nyepesi. Mwaka mmoja nilipata wanne, na katika hao mmoja alikuja akidhani atafundishwa nyimbo za ile sinema ya simba. Kwa hiyo mengi nitakayokuambia si yangu, ni ya ukuta ule.

Nianze na sita walioondoka. Si alfabeti. Herufi za Kiebrania mtu mzima huzizoea kwa wiki mbili tatu, na kinachosumbua hasa ni yale maneno yenye asili ya Kiebrania, yanayoandikwa kwa tahajia ya kwao bila irabu zote, lakini hayo hata hamjayafikia. Wewe uliwaita watu darasani, wakakuta matanga. Kijana wa miaka 19 aliyejiandikisha kwa kuwa bibi yake alikuwa akigomba jikoni kwa maneno matamu asiyoyaelewa, saa ya kwanza amepewa makaburi. Angerudi kwa lipi?

Tena marehemu mwenyewe hajafa. Nenda Williamsburg na Borough Park kule Brooklyn, nenda Kiryas Joel, Antwerp, Stamford Hill ya London au Mea Shearim kule Jerusalem: utakuta watoto wa Wayahudi washika dini, Wahasidi, wakigombania peremende kwa Kiyidishi, na mama zao wakiwagombeza kwa lugha hiyo hiyo. Hao hawajui kama lugha yao inaombolezwa chuoni kwako.

Sisemi mauaji yafichwe. Katika Wayahudi milioni 6 waliouawa, takriban milioni 5 walikuwa wasemaji wa Kiyidishi, na mwalimu anayelipita hilo kimya anadanganya. Wala si Wajerumani peke yao: tarehe 12 Agosti 1952, mjini Moscow, serikali ya Stalin iliwaua kwa siri Wayahudi 13, miongoni mwao Peretz Markish, Dovid Bergelson na wenzao waliokuwa nguzo za fasihi hiyo katika Urusi ya Kisovieti. Hayo yana mahali pake. Yapeleke wiki ya tisa au ya kumi, darasa likiwa limeshamjua anayeliliwa.

Wiki ya kwanza anza na salamu. Wewe mtoto wa Tanga unaisikia kabla sijamaliza kuitamka: sholem aleykhem, na anayejibu anaipindua, aleykhem sholem. Mwandishi wao aliyependwa kuliko wote, Sholem Rabinovitsh (1859–1916), aliitwaa salamu hiyo ikawa jina lake la kalamu. Ni kama wetu mmoja angejiita Bwana Salamu Alaykumu, akachapisha vitabu, na watu wakamwita hivyo mpaka kaburini.

Siku ya pili, maapizo. Naam, maapizo. Kuna lile la ukue kama kitunguu, kichwa ardhini. Kuna lile la meno yako yote yang'oke, libaki moja la kukuuma. Hayo yana kitenzi cha kutakia, yana nafsi, yana mpangilio wa maneno, sarufi ya mwezi mzima imo ndani ya tusi moja. Wewe umekulia kwenye mipasho, huhitaji mimi nikueleze thamani ya tusi lililotungwa likatungika.

Halafu barua. Hapa nitajivuna kidogo kwa niaba ya kazi yangu. Mwezi Januari 1906 gazeti la Kiyidishi la New York, Forverts, chini ya mhariri Abraham Cahan, lilianzisha safu iliyoitwa A bintel brief, yaani furushi la barua. Wahamiaji waliokuwa wakishona nguo kwenye vyumba visivyo na hewa waliandika shida zao, na mhariri akajibu. Mke ambaye mume wake ametangulia Marekani kisha akanyamaza. Kijana asiyeamini tena dini, anayempenda binti wa mtu wa dini. Baba anayeonewa haya na wanawe kwa sababu Kiingereza chake kibovu. Tatizo la waume waliotoroka lilikuwa kubwa hata gazeti likawa linachapisha picha zao hadharani, anayemjua atoe habari. Mimi kila mwezi hupokea barua mbili tatu za mume aliyekwenda Uarabuni au Afrika Kusini akabadilisha namba ya simu. Nikizisoma huona zimetoka kwenye furushi lile lile.

Barua hizo ndizo kitabu chako cha kiada cha muhula wa pili. Ni fupi. Cahan alitaka Kiyidishi cha mtaani, pamoja na maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuingia mdomoni mwa watu, si cha kanzu na kilemba. Kila barua ina kisa, na kila kisa kinamwacha msomaji na la kusema. Waambie wanafunzi wajibu kwa sentensi tano. Mtu wa miaka 19 hajui viambishi vya sifa lakini ushauri wa ndoa anao tele.

Sasa Mzee. Hapa niliiweka barua yako chini, nikanywa chai kwanza.

Umeniandikia kwamba mtu wa miaka 78 alikuja darasani kwako kwa sababu ana kopo la barua za mama yake na hawezi kuzisoma. Umeitaja kama mtu anayesema jana kulinyesha, kisha ukaendelea na habari ya gut na git. Mwanangu, wewe unazo herufi, hana. Yeye anayo sauti, huna. Mmekaa chumba kimoja wiki nzima baada ya wiki mkibishana irabu.

Kuhusu irabu zenyewe, nikuweke sawa. Hicho unachofundisha ni Kiyidishi sanifu, kilichotengenezwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidishi iliyoanzishwa mwaka 1925 huko Vilna (leo Vilnius, Lithuania) na sasa iko New York. Kanuni zake za tahajia ni za mwaka 1937, na matamshi yake yanaegemea upande wa Lithuania. Kitabu cha Uriel Weinreich cha mwaka 1949, ambacho vyuo vimekitumia vizazi na vizazi, kinafuata njia hiyo. Mzee wako anasema cha Poland. Si makosa. Sisi tunalijua jambo hili vizuri: mwaka 1928 walikutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha vitabu, wakachagua Kiunguja, tena wamekaa Mombasa! Wamvita hawajasahau. Mtoto wa Mombasa aliyesema nti na mato akaambiwa na mwalimu aseme nchi na macho, na bibi yake nyumbani akabaki na nti yake, na mashairi ya Muyaka yakabaki nayo pia.

Lakini kuna jambo ambalo labda hulijui, au unalijua ukalisahau kwa hasira. Wale watoto wa Brooklyn wanaogombania peremende, wengi wao husema git, kama Mzee. Matamshi ya Wahasidi wa leo yametoka Poland na Hungaria, si Vilna. Programu ya kujifunzia lugha ya Duolingo ilipoongeza Kiyidishi mwaka 2021, matamshi iliyochukua ni hayo. Kwa hiyo mwanafunzi wako akipanda treni akaenda Borough Park kununua mkate, atakayeeleweka haraka ni aliyemsikiliza Mzee. Kitabu chako kitamsaidia kusoma maktaba. Mpe Mzee dakika kumi kila Alhamisi, ziwe zake, asome kwa sauti sentensi unazoziandika kwa herufi za Kilatini ubaoni, na darasa liandike tofauti. Atakapokuwa na dakika zake hatadakia zako. Na wewe umfundishe kusoma, polepole, baada ya kipindi.

Lile kopo usiliguse mbele ya watu. Mwombe faragha, kwenye chai. Mwambie hati ya mkono ya Kiyidishi si herufi za kitabuni, ina maumbo yake, na kwamba hata wewe zitakuchukua muda, maana hakuna watu wawili wanaoandika sawa. Msome naye barua moja, mkiwa wawili tu. Hujui kilichomo. Mama aliyetoka Łódź akazalia kambini huenda ameandika habari za bei ya viazi, huenda ameandika majina ya watoto waliokuwepo kabla yake. Likiwa jambo zito, libaki kati yenu. Zikiwa habari za viazi, na yeye akapenda mwenyewe, hapo uliza kama darasa linaweza kujifunza hati ya mkono kwa ukurasa mmoja. Nakuambia hivi kwa kuwa niliona upande wa pili wa ukuta wangu mwalimu mmoja akiisoma barua ya namna hiyo kwa sauti, hadharani, kabla hajaipitia, na mwenye barua akatoka nje asirudi.

Mkuu wa kitivo: mkubalie. Umeniandikia kana kwamba tafsiri ni usaliti. Isaac Bashevis Singer, aliyeandika kwa Kiyidishi, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1978, na wasomaji wake wengi duniani walimsoma kwa lugha zisizo Kiyidishi. Mlango ulifunguka hasa mwaka 1953 mwandishi Saul Bellow alipoitafsiri hadithi yake moja kwa Kiingereza. Kiyidishi kimekuwa kikiishi kwa tafsiri siku nyingi. Viti 40 ni watu 40 ambao leo hawajui kwamba lugha hii ipo.

Ila usitie saini kabla hujaandika masharti yako, na uyaandike kwa hesabu, si kwa machozi. Darasa la lugha libaki miaka miwili hata likiwa na watano, kwa sababu kozi ya filamu ndiyo itakayolilisha. Kozi ya filamu iwe na saa moja ya hiari kila wiki, yenye krediti yake, kwa wanaotaka kusoma vipande kwa Kiyidishi chenyewe. Kozi iorodheshwe pia idara ya historia, ya Kijerumani na ya filamu, ili wanafunzi wao waihesabu kwenye shahada zao. Uliza pia kuhusu vyuo jirani: Columbia, Cornell na Yale wamekuwa wakigawana kwa video madarasa ya lugha zenye wanafunzi wachache, kwa hiyo wazo si geni masikioni mwa wakuu. Na mkataba uombe wa miaka miwili. Ana viti 40 vya kujaza na mwalimu ni wewe peke yako.

Filamu zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nakala nyingi za zamani zimeokolewa na kituo cha filamu za Kiyahudi kilichoko Chuo Kikuu cha Brandeis tangu 1976. Mimi ningeanza na Yidl mitn fidl ya mwaka 1936. Molly Picon, nyota wa New York, amevaa suruali anajifanya mvulana mpiga fidla, ili aweze kutembea na baba yake wakipiga muziki mitaani. Waswahili tungeiita vichekesho vyenye ngoma. Imepigwa Poland, na kwenye harusi utawaona watu wa mji wa Kazimierz Dolny wenyewe wakila na kucheza. Onyesha dakika tano za harusi hiyo bila maandishi ya chini, uulize wamesikia maneno gani. Watakuwa wameshika khosn, bwana harusi, na kale, bibi harusi. Onyesha tena na maandishi, uulize maandishi yamekula nini, maana siku zote hula. Halafu nyamaza. Atatokea mmoja, usiwe na shaka, atakayeitazama ile tarehe 1936 na nyuso zile na kuuliza hawa watu walikwenda wapi. Hapo ndipo wiki yako ya tisa inapoanza, na ni wao watakaokuwa wameiomba.

Baada yake weka Der dibek ya Warsaw, 1937, yenye mzimu wa mpenzi aliyeingia mwilini mwa bibi harusi. Usijisumbue kueleza kupagawa, mwanafunzi yeyote mwenye bibi ataelewa. Kisha Tevye, na hapa kaa wiki tatu. Huyo mwuza maziwa wa Sholem Aleichem ana binti, Khave, anayeolewa na Mkristo, na baba anamkalia matanga ilhali yu hai. Katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1914 Khave anarudi wakati familia inafukuzwa kijijini, na Tevye anamgeukia mwandishi, anamuuliza wewe ungefanyaje. Katika filamu ya Kiyidishi ya Maurice Schwartz, 1939, iliyopigwa Long Island ikijifanya Ukraine, binti anamwacha mume, anarudi kwao. Kwenye ile ya muziki ya Broadway ya 1964, na sinema yake ya 1971, anabaki na mumewe, na baba anamnong'onezea dua bila kumtazama. Hadithi moja, mlango mmoja, na kila zama inaamua nani aingie. Nisingeonyesha zote tatu bila kuwataka waandike wa kwao mwisho wa nne.

Malizia na Menashe ya 2017, ya baba mjane wa Kihasidi huko Borough Park anayepigania kuishi na mwanawe. Karibu yote ni kwa Kiyidishi, na matamshi ya Mzee. Siku hiyo mkalishe mbele.

Yule mwanafunzi aliyekuuliza imekuwaje wewe. Swali lake halikuwa baya, jibu lako ndilo lililokuwa refu. Mwandikie ubaoni. Malekh ni malaika. Nefesh ni nafsi. Rakhmones ni rehema. Kheshbn ni hesabu. Sho ni saa. Kever ni kaburi. Khokhme ni hekima, nao wameifanya hata mzaha uitwe khokhme, jambo ambalo sisi hatukulifikiria. Na malekhamoves, unajua mwenyewe, ni malaika wa mauti. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. Mmoja ameingia kwao, mwingine ameingia kwetu, na hapo katikati umesimama wewe unayewasikia wote wawili. Mwanafunzi anayejua Kijerumani atasikia nusu moja ya lugha hii bila kufundishwa. Wewe unasikia nusu ambayo yeye atahangaika nayo mwaka mzima. Kisha mwambie kwamba Kiyidishi kiliitwa zhargon na waliojiona wastaarabu, lugha ya mchanganyiko isiyo na sarufi, na kwamba Kiswahili chako nacho kimeitwa hivyo hivyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wahenga hawakusema mgeni awe wa dini gani.

Mama usimbembeleze kwa hoja. Msomee lile la kitunguu. Nina hakika atakuuliza kama lipo jingine.

Mjomba ndiye anayetaka uangalifu. Uchungu wake juu ya Gaza ni wa kweli na ni wa wengi, usijaribu kumpokonya wala kumfundisha siasa mbele ya ndugu. Mpigie simu, umweleze lugha tu. Ya dola ya Israeli ni Kiebrania. Kiyidishi ni cha vijiji vya Poland, Ukraine na Lithuania, na dola hiyo ilipoanza ilikitazama kwa jicho baya, ikaibana michezo ya kuigiza na magazeti yake. Wasemaji wake leo wamo wanaoiunga mkono Israeli, na wamo Wahasidi wa Satmar wanaoipinga kwa sababu za dini. Akikataa, amekataa, bado ni mjomba wako.

Kabla ya simu hiyo washa sauti ya kundi, umwandikie pale pale, kwa herufi zetu: sholem aleykhem, mjomba. Usiongeze neno. Nataka kujua atakachojibu, kwa sababu mtu mzima wa Tanga aliyelelewa vizuri hawezi kuiacha salamu ikapita, na akiijibu atakuwa amesema Kiyidishi.